Maulizo juu ya Kamba

Neno kamba lina maana mbili. Maana ya kwanza kila mtoto aijua: ndiyo kamba ya kufungia mbuzi au mzigo wa kuni. Maana ya pili ni mnyama mdogo wa majini, mwenye miguu mingi na masharubu marefu. Somo letu ni juu ya huyu wa pili. Watu wa Kinshasa humwita kosakosa. Watu wa pwani ya bahari, huko Tanzania na Kenya, humwita kamba, na wale wadogo kabisa wanaokaushwa juani huwaita uduvi.

Watoto wengi wa Kongo wamekwisha kumwona pasipo kujua jina lake. Ninyi mnaokaa Uvira, Fizi, Kalemie au Moba, mkiinua jiwe ukingoni mwa ziwa, pengine mtaona kidudu kama kioo, chenye urefu wa ukucha wa kidole gumba. Mara hakipo tena: kimeruka kinyumenyume. Huyo ni kamba.

Watoto huuliza mambo mengi juu ya mnyama huyu. Tumeyakusanya maulizo yao hapa, na tutayajibu moja baada ya moja. Mengine ni ya kuchekesha. La mwisho ni la maana kuliko yote, kwa sababu lahusu afya ya kila mtoto anayeoga mtoni.

Kamba ni samaki?

Hapana. Samaki ana uti wa mgongo. Hata ndakala mdogo ana mwiba katikati ya mwili wake. Kamba hana mfupa hata mmoja ndani. Kitu kigumu cha mwili wake kiko nje, ndilo gamba linalomfunika kama shati la bati. Ndugu yake wa karibu ni kaa. Jamaa zake wa mbali ni panzi, jongoo na buibui, maana wote hao wana gamba nje na miguu yenye viungo vingi.

Mchukue kamba mkononi, umhesabu miguu. Miguu ya kutembelea ni kumi, jozi tano. Ile ya mbele mara nyingi ina magando ya kubana, kama ya kaa. Chini ya mkia ana vijiguu vingine vya kuogelea, na hapo ndipo mama hubeba mayai yake mpaka yaanguliwe. Akiogopa, hukunja mkia kwa nguvu, akatupwa nyuma kama jiwe la manati. Macho yake yamesimama juu ya vijiti viwili, naye huweza kuyazungusha. Huvuta pumzi kwa mashavu yaliyofichwa chini ya gamba, kandokando ya kifua. Kichwa na kifua chake vimefungwa pamoja ndani ya gamba moja, na humo mna vitu vyote: ubongo, moyo na tumbo la chakula. Mtoto mmoja aliposikia kwamba tumbo la kamba liko kichwani, alisema: «Basi, kamba hafikiri neno jingine ila chakula!»

Hata hivyo, jikoni na sokoni watu humweka kamba pamoja na samaki. Wakatoliki nao, siku za Ijumaa katika Kwaresima, humhesabu pamoja na samaki, si pamoja na nyama.

Anakuaje, naye amefungwa ndani ya gamba?

Ulizo hili ni zuri. Mtoto akikua, shati lake la mwaka jana humbana, naye mama yake hutafuta jingine. Gamba la kamba halitanuki. Basi afanye nini? Hulivua.

Kwanza, gamba jipya laanza kutengenezwa chini ya lile la zamani, nalo bado ni laini kama ngozi ya kitoto kichanga. Siku ikifika, gamba la zamani lapasuka mgongoni, pale kichwa kinapokutana na mkia. Kamba hujivuta kwa nguvu, akatoka nje na miguu yake yote, na masharubu yake, hata na ngozi ya macho. Kisha hunywa maji mengi ili mwili uvimbe na kulitanua gamba jipya mbele halijawa gumu. Kamba mdogo huvua gamba mara nyingi, kila baada ya siku chache. Akiisha kuwa mkubwa, hukawia zaidi.

Hizo ndizo saa za hatari katika maisha yake. Mwili wake ni laini, hawezi kupigana, na kila samaki amtamani. Kwa hiyo hujificha chini ya jiwe au kati ya majani, hatoki mpaka gamba liwe gumu. Mara nyingi hula lile gamba la zamani, maana mna chokaa ndani yake, naye ahitaji chokaa kwa lile jipya. Kamba aliyepotewa na mguu hupata mwingine polepole, kila avuapo gamba. Sisi watu hatuna bahati hiyo.

Kamba hukaa wapi?

Katika bahari zote, za joto na za baridi; tena katika mito na maziwa. Nchi yetu ina pwani fupi tu, karibu kilometa 40, huko Muanda na Banana, pale mto Kongo unapoingia baharini. Katika mikoko ya pale kamba wengi hukulia kati ya mizizi. Ndani ya mto wenyewe mna kamba wakubwa wa maji yasiyo na chumvi, wenye magando marefu, ndio kosakosa wanaouzwa Kinshasa.

Lakini ajabu kubwa iko mashariki. Ziwa Tanganyika ni la zamani sana, lenye umri wa mamilioni ya miaka. Katika muda huo mrefu kamba wake wamegawanyika wakawa aina nyingi, zaidi ya kumi, na aina hizo hazipatikani pahali pengine po pote duniani. Wengine hukaa kati ya mawe, wengine mchangani. Aina moja hukaa ndani ya kome aliye hai, katikati ya maganda yake mawili, kama mpangaji katika nyumba ya mwenyewe. Wengine huogelea mbali na pwani: mchana hushuka chini penye giza, usiku hupanda juu. Mukeke, yule samaki mtamu anayechomwa Uvira na Bujumbura, hula sana kamba hao. Basi mtu asemaye «Mimi sijala kamba maisha yangu yote», kama amekula mukeke, amemla kamba aliyekwisha kugeuka samaki.

Kamba hula nini? Si mnyama mchafu?

Wadogo hukwangua ule utando wa kijani unaofanya mawe yateleze. Hula pia majani yaliyooza, mabaki ya wanyama waliokufa na vidudu vidogo. Wakubwa wa mtoni hukamata funza wa majini, samaki wadogo na konokono. Kumbukeni hao konokono, tutawarudia.

Kwa kuwa wanakula vitu vilivyooza, watu wengine huwaita wachafu. Haifai. Mfagiaji wa njia si mchafu, yeye ndiye anayeondoa uchafu. Na kuku je? Mtazameni anachokula nyuma ya jiko, kisha mseme kama mwaacha kula mayai yake. Neno la kweli ni hili: kamba ni safi kama maji yake ni safi. Akitoka penye maji machafu ya kiwanda au ya choo, asiliwe.

Kamba ana sauti?

Walio wengi hawana. Lakini katika bahari za joto yuko kamba mdogo mwenye gando moja kubwa kupita kiasi. Akilifunga gando hilo kwa ghafula, maji yaruka mbele kwa nguvu, yakafanya povu moja, nalo lapasuka kwa mlio kama wa risasi. Samaki mdogo aliye karibu huzimia, naye kamba humburuta shimoni. Katika vita vya pili vya dunia, wanamaji waliosikiliza mashua za adui chini ya bahari walisumbuliwa na kelele za kamba hao. Waza: mnyama mwenye urefu wa kidole kuwasumbua wakubwa wa vita!

Naweza kumfuga?

Ndiyo. Watu wengi wa Ulaya, Marekani na Asia hufuga kamba wadogo katika masanduku ya kioo. Huko Japani alikuwako mpiga picha mmoja, Takashi Amano, aliyekufa mwaka 2015. Alipenda kupanda bustani ndani ya maji, akaona kwamba kamba wa aina moja hula ule utando wa kijani na kuyaacha majani safi. Leo aina hiyo yaitwa kwa jina lake katika nchi nyingi. Wengine hufuga kamba wekundu kama pilipili. Mababu zao, waliotoka Taiwan na China, hawakuwa wekundu namna hiyo. Wafugaji walichagua wale wenye wekundu kidogo, wakazaliana, wakachagua tena, kama mtu achaguavyo jogoo wa mbegu.

Darasa likitaka kufuga kamba wachache ili kuwatazama, si kazi ngumu. Tafuteni chupa kubwa ya kioo yenye mdomo mpana. Tieni mchanga uliooshwa, na majani yanayoota majini. Maji na yachotwe pale walipotoka kamba wenyewe, na mwalimu ndiye ayachote kwa ndoo, si ninyi kwa kuingia mtoni. Toeni konokono wote, kisha yaacheni maji yale siku mbili nzima mbele ya kutia mikono ndani. Sababu yake mtaiona mwisho wa somo. Maji ya robine yakitumika, yakae siku nzima katika ndoo iliyo wazi, kusudi klori itoke. Chupa isiwekwe juani.

Kamba hufa upesi kwa vitu ambavyo sisi hatuvioni: sabuni iliyobaki mkononi, dawa ya kuulia mbu iliyopulizwa chumbani, na shaba. Watoto wa Katanga wajua shaba kuwa mali. Kwa kamba ni sumu. Ajabu ni kwamba damu yake mwenyewe ina shaba kidogo, kama vile yetu ina chuma. Lakini ikizidi majini, hata kidogo tu, yamuua.

Chakula kiwe kidogo sana. Kipande cha lengalenga kilichopikwa, chenye upana wa ukucha, chawatosha kamba kumi. Kitakachobaki kesho yake kitolewe, maana kikioza maji yataharibika. Na siku moja mtaona kamba amelala chini, mweupe, hatikisiki. Msilie upesi! Mtazameni vizuri. Kama ndani ni mtupu, hilo ni gamba tu. Mwenyewe amejificha nyuma ya jani.

Lakini mkichoka kumfuga, msimtupe katika mto mwingine au bwawa jingine. Mrudisheni pale pale alipotoka. Kuna habari ya Kenya inayoonyesha kwa nini. Karibu na mwaka 1970 watu walitia katika Ziwa Naivasha mnyama wa kabila la kamba, mkubwa na mwekundu, aliyetoka Marekani. Walitaka kumvua na kumwuza. Alizaa kupita kiasi, akala majani ya ziwa, na yale mayungiyungi mazuri yakatoweka karibu yote.

Kwa nini anageuka mwekundu akipikwa?

Rangi nyekundu imo tangu zamani, lakini imefungwa. Gamba la kamba lina rangi nyekundu anayoipata katika chakula chake. Katika mwili wake rangi hiyo hushikwa na kitu kingine, na kwa kushikwa hivyo huonekana ya kijivu, ya buluu au ya kijani. Moto ukikivunja kile kinachoishika, nyekundu yabaki peke yake. Kwa mpishi ni alama nzuri: kamba akiwa mwekundu nje na nyama yake nyeupe mpaka ndani, ameiva. Dakika tatu au nne zatosha kwa kamba wa kawaida. Mpishi asiyejua huwaacha motoni nusu saa, kisha alalamika kwamba ametafuna mpira.

Ule uzi mweusi mgongoni ni utumbo wake. Si sumu, lakini mara nyingi mna mchanga ndani. Afadhali kuutoa kwa ncha ya kisu. Kosakosa wa Kinshasa huchomwa juu ya makaa na pilipili na kitunguu saumu, wakaliwa na ndizi za kukaanga au chikwange. Wadogo waliokaushwa hutiwa katika sombe au katika mchuzi wa mafuta ya ngazi, na bugali. Ni chakula chenye kujenga mwili, kama samaki na mayai.

Kamba huoza upesi kuliko nyama. Akivuliwa asubuhi, na apikwe siku hiyo hiyo, au awekwe katika barafu, au akaushwe. Akinuka kama mkojo, akiteleza kama aliyepakwa ute, na kichwa kimekuwa cheusi, mtupeni. Pilipili haiponyi kitu kilichooza. Wala msile kaa au kamba wa mtoni aliye mbichi. Katika Afrika ya kati wako kaa wa mtoni wenye mdudu anayeingia mapafuni mwa mtu. Mgonjwa hukohoa damu, na watu hudhani ni kifua kikuu. Moto wamwua mdudu huyo.

Je, kila mtu aweza kula kamba?

Si kila mtu. Wako watu ambao mwili wao wakataa nyama ya kamba. Ugonjwa huu waitwa mzio. Mtu mmoja ala, hana neno. Ndugu yake ala katika sahani ile ile, naye aanza kujikuna. Midomo yavimba, macho yavimba, tumbo lauma. Wengine hubanwa pumzi, nao waweza kufa katika muda wa dakika chache. Si uchawi, wala si kwamba mpishi ametia sumu. Mwili wa mtu huyo wadhani kitu kimoja kilichomo katika nyama ya kamba ni adui, ukapigana nacho mpaka ukajiumiza wenyewe.

Mtoto akibanwa pumzi baada ya kula, msingoje kesho, msimpe maziwa wala mafuta. Mpelekeni mara moja kwa munganga: iko sindano ya kumsaidia, nayo sharti ipigwe upesi. Tangu siku hiyo asile kamba tena, hata kidogo, hata mchuzi wake. Na ajihadhari na kaa, kwa kuwa ni ndugu wa kamba. Neno hili latuhusu sana sisi tunaokula viwavi, panzi na kumbikumbi: hao nao ni jamaa za kamba, na kile kitu kinachomdhuru mtu chaweza kuwamo katika nyama yao. Aliyevimba kwa kamba, na amwulize munganga mbele ya kula viwavi.

Kamba husikia maumivu?

Zamani watu wengi walisema hapana, ni kama mashine ndogo. Wataalamu wameendelea kuchunguza. Mwaka 2021 wataalamu wa London waliandika kwamba kuna sababu nzuri za kuamini kuwa kaa na kamba husikia maumivu, na mwaka 2022 sheria ya Uingereza iliwahesabu pamoja na wanyama wenye kusikia. Kwa hiyo mnapowapika wakiwa hai, msiwatie katika maji ya uvuguvugu yanayopata moto polepole. Wawekwe kwanza katika barafu kama ipo, au watiwe wachache wachache katika maji yanayochemka kwa nguvu. Na kumng'oa miguu kwa mchezo, hilo halihitaji mtaalamu wa kulikataza.

Kamba waweza kutukinga na ugonjwa?

Sasa tumefika kwa wale konokono.

Mmekwisha kusikia ugonjwa uitwao kichocho, au bilarzia. Uko Maniema, uko Kongo ya Kati, uko kando ya Ziwa Albert huko Ituri, na pengine pengi katika nchi yetu. Mgonjwa hukojoa damu, au huenda choo chenye damu, tumbo lauma, mtoto achoka, hakui vizuri, hafuati masomo. Ukikaa miaka mingi pasipo dawa, waharibu ini au kibofu.

Ugonjwa huu wafika namna hii. Mtu mgonjwa akojoa au anya majini, na mayai ya mnyoo yatoka pamoja. Mayai yaanguliwa. Kidudu kinachotoka hutafuta konokono wa namna fulani, kikaingia mwilini mwake. Humo kinaongezeka, vikawa vingi sana. Kisha vyatoka kwa konokono, vyaogelea, vyatafuta ngozi ya mtu. Mtoto anayeoga, mama anayefua, mvuvi aliyesimama majini mpaka magoti, wote vyawapenya pasipo kusikia kitu. Vidudu hivyo haviishi zaidi ya siku mbili hivi majini visipompata mtu. Sasa mwajua kwa nini tuliagiza maji ya chupa yenu yaachwe siku mbili, bila konokono.

Iko dawa nzuri, yaitwa prazikwanteli, nayo hutolewa mashuleni. Yaua minyoo iliyo mwilini. Lakini haimkingi mtoto akirudi kesho katika maji yale yale. Wengi wameponywa mwaka huu, wakaambukizwa tena mwaka ujao, kwa sababu konokono bado wapo.

Sasa sikilizeni habari ya mto Senegal, huko Afrika ya magharibi. Katika mto huo walikaa kamba wakubwa, warefu kama kiganja cha mkono, wa aina ipatikanayo tangu Senegal mpaka Angola. Kamba hao hukaa katika maji yasiyo na chumvi, lakini watoto wao wakizaliwa hawawezi kuishi humo. Sharti wapate maji yenye chumvi kidogo. Kwa hiyo mama aliyebeba mayai hushuka na mto mpaka karibu na bahari. Watoto hukulia huko majuma kadhaa, kisha hupanda tena mto kwa miguu yao, wakifuata kingo usiku.

Mwaka 1986 ukuta mkubwa ulimalizika kujengwa katika mto huo, mahali paitwapo Diama, karibu na mji wa Saint-Louis. Waliojenga walikuwa na sababu njema: walitaka kuzuia maji ya chumvi yasipande, ili watu walime mpunga na miwa. Walipata mpunga, walipata na miwa. Lakini kamba walikuta njia imefungwa. Mama hawakuweza kushuka, watoto hawakuweza kupanda, nao wakapungua karibu kwisha juu ya ukuta. Maji nayo yalikuwa sasa matulivu, bila chumvi, yenye majani mengi: mahali pazuri kwa konokono, na wa kuwala hayuko. Mwaka 1988, katika mji wa Richard-Toll, waganga walianza kuona kichocho cha tumbo, ambacho hakikuwako pale mbele. Katika miaka michache tu kilienea vijijini, na katika vijiji vingine watu wengi zaidi walikuwa wagonjwa kuliko wazima.

Baadaye wataalamu wa Senegal na wa nchi nyingine walijiuliza: tukiwarudisha kamba, je? Walichagua kijiji kimoja kiitwacho Lampsar. Pale watu wanapochota maji na kufua, walizungusha wavu, wakatia kamba ndani, wakaendelea kuwaongeza kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja. Watu wa kijiji walipewa dawa. Kijiji kingine kilipewa dawa tu, pasipo kamba. Kisha walihesabu konokono, wakapima mkojo wa watu. Habari zao zilichapwa mwaka 2015. Penye kamba, konokono wenye ugonjwa walikuwa wamepungua sana, na mayai ya mnyoo katika mkojo wa watu yalikuwa karibu nusu tu ya yale ya kijiji cha pili.

Je, tuwatie kamba wa namna hiyo katika Ziwa Tanganyika? Hapana. Ziwa hilo lina wanyama wake wasiopatikana pengine, na mgeni mkubwa mwenye magando angeweza kuwala wote. Mmesikia ya Naivasha. Na kamba wadogo wa Tanganyika hawawezi kumla konokono. Hukwangua mawe tu. Kwa watoto wa kule kinga ni choo, maji ya kisima au ya robine, na dawa siku waganga wanapofika shuleni. Lakini magharibi, katika mto Kongo na mito mingine inayoingia baharini, kamba wakubwa bado wapo. Anayewavua kwa kumwaga sumu majini awaua wote pamoja na watoto wao, awapa sumu wanaokunywa maji, na awaacha konokono wanaorudi upesi bila adui. Na wale watakaojenga kuta katika mito, wataalamu wa Senegal wameshauri kamba waachiwe ngazi ya kupandia kandokando ya ukuta, yenye maji yanayoteremka polepole. Ngazi kama hizo hujengwa kwa samaki katika nchi nyingi. Kamba hahitaji njia pana: apate jiwe lenye maji na kivuli cha usiku, atapanda.

Maulizo

1. Kwa nini twasema kamba si samaki?
2. Kamba afanya nini mara baada ya kuvua gamba, na kwa nini?
3. Shaba ni nini kwa kamba?
4. Ndugu yako amekula kamba, midomo imevimba na pumzi yabanwa. Utafanya nini?
5. Chora njia ya kichocho: mtu, maji, konokono, mtu. Onyesha mahali ambapo choo chaikata njia hiyo, na mahali ambapo kamba aikata.
6. Ukuta wa Diama uliwaletea watu faida gani, na hasara gani?
7. Waulize wazee wa kijiji chako kama zamani palikuwa na kamba au kaa katika mto wenu, na kama wapo bado. Andika majibu yao.